Saa za Mkate, Saa za Hofu

Wakongo wanacho kifungu kimoja cha sheria ambacho kila mtu anakijua kwa moyo, aliyesoma na asiyesoma, ingawa hakuna mahakama inayokitumia. Ni Article 15, na maana yake ni fupi: jipange mwenyewe. Wazee hukihusisha na Kasai ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, jimbo lilipojitenga, wakimbizi wakamiminika, na serikali changa ikawa haina cha kuwapa. Kisha Mobutu akatawala miaka thelathini na miwili, na mzaha ule ukageuka utaratibu wa maisha kutoka Kinshasa hadi Kivu.

Goma, huko Kivu, ni mji ambao Article 15 haipumziki. Mwalimu wa shule ya serikali anafundisha zamu ya asubuhi, mchana anavuka mtaa kwenda shule ya binafsi, jioni anazunguka nyumba za watu kuwapa watoto masomo ya ziada, na madaftari ya kusahihisha anayafungua mkewe akiwa amekwisha lala. Kijana mwenye diploma ya Chuo Kikuu cha Goma juma hili ni mhoji wa shirika fulani, juma lijalo ni wakala wa pesa za simu, na kila usiku ni mwombaji kazi. Mama anayeuza nyanya soko la Virunga ameamka saa kumi za alfajiri, ametafuta maji, amewasha mbabula ya makaa, ameacha chakula cha watoto, na hapo bado hajaanza kile ambacho wengine watakiita kazi yake. Ukiwauliza kwa nini hawapumziki, jibu ni lile lile: "Tutafanya je?"

Ni swali la haki, na ushauri unaolijibu kwa kusema "fanyeni kazi kidogo" haufai hata kufungia karanga. Ushauri wa namna hiyo huandikwa na watu ambao mshahara wao unaingia hata wakilala. Lipo hata hivyo jambo linaloweza kusemwa bila kumtusi anayehangaika. Katika saa kumi na nne au kumi na tano anazozitumia mtu wa Goma kutafuta maisha, si zote zinazoleta mkate. Nyingine zinaliwa na mwenye deni. Nyingine zinaliwa na mwenye chombo. Nyingine, na hizi ni nyingi kuliko watu wanavyopenda kukiri, zinaliwa na hofu tu: nikiondoka kituoni abiria atakuja, nikizima simu tangazo la kazi litapita, nikikosa mkutano jina langu litakatwa. Kazi ya kwanza ya aliyechoka ni kuzitenganisha saa hizo, kwa kalamu na daftari.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Januari 17, 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikameza maduka na nyumba, ikafunika hata kipande cha uwanja wa ndege. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia na kukaa kama siku kumi na moja. Mei 22, 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano baadaye mitaa kumi kati ya kumi na minane ikaamriwa kuhama. Mamia ya maelfu ya watu wakatembea kuelekea Sake, au Gisenyi nchini Rwanda, na virago kichwani. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka mji kwa mara ya pili, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wenye akaunti wakaanza kuvuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta noti zao wenyewe. Mfanyabiashara aliyeona mtaji wake ukiyeyuka mara mbili katika umri wake hawezi kulala saa nane kwa sababu tu daktari amesema. Anakimbizana na tarehe ambayo haijatangazwa.

Juu ya hayo yote kuna sifa. Wageni wakija Goma husifu uvumilivu wa watu wake, na mji wenyewe umeusimamishia sanamu: mtu juu ya chukudu, baiskeli ile ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, amepakwa rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Sanamu ni nzuri. Lakini msukuma chukudu wa kweli anashuka kutoka Kibumba na mamia ya kilo za viazi au makabichi, breki yake ni kipande cha raba na kandambili, na akivunjika mguu hakuna atakayempaka dhahabu. Kumsifu mtu kwa kuvumilia ni njia rahisi ya kutomuuliza kwa nini anavumilia peke yake.

Tuanze na motari, mwendesha pikipiki ya abiria, kwa sababu hesabu yake iko wazi kuliko ya wengine. Motari wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea mwenye mali kiasi maalumu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Dar es Salaam wenzao wanaiita hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Motari anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku, saa kumi na nne. Amekusanya franka 40,000. Mwenye pikipiki anachukua 15,000, petroli ya Kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, imekula 12,000, chakula na maji 3,000. Amebaki na 10,000, franka mia saba na ushee kwa saa. Tazama sasa namna siku yake ilivyogawanyika: kwa mwendo huo, karibu saa tisa na nusu za mwanzo ni za mwenye pikipiki na za muuza mafuta. Yeye ameanza kujifanyia kazi alasiri, wakati macho yamechoka na barabara zimejaa.

Ndiyo maana kumwambia arudi nyumbani mapema ni kumwambia aache sehemu pekee ya siku iliyo yake. Kosa haliko kwake. Liko katika mapatano. Basi nguvu zake azipeleke huko. La kwanza la kuomba kwa mwenye pikipiki ni siku moja kwa juma isiyolipiwa, iwe ya mapumziko au ya motari mwenyewe. Wapo wamiliki wanaokubali, hasa wakionyeshwa kwamba pikipiki inayoendeshwa siku saba bila kuguswa na fundi huishia gereji muda mrefu zaidi. La pili ni kupima kwa juma badala ya siku: siku ya mvua kubwa au ya vurugu mjini isifidiwe kwa kukesha usiku huo huo, bali igawanywe katika siku zilizobaki. La tatu ni motari wawili kushirikiana pikipiki moja, mmoja alfajiri hadi saa saba mchana, mwingine kuanzia hapo. Kila mmoja atapata kidogo kuliko yule mmoja wa saa kumi na nne, lakini atabaki na nusu siku ya shughuli nyingine na mifupa mizima. Mwenye uwezo wa kuweka akiba na atafute mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yake, huku akisoma kila sharti kabla ya kutia saini na kudai risiti ya kila malipo.

Saa za mchana kati zinahitaji neno lake. Karibu kila kituo cha motari kina saa mbili au tatu ambazo watu kumi na watano wanawania abiria wanne. Hizo ni saa za hofu waziwazi. Anayezitumia kulala kivulini hapotezi fedha. Anapunguza uwezekano wa kufikishwa jioni hospitali ya HEAL Africa akiwa amevunjika mfupa.

Wafanyakazi wa kutwa wako katika mbio za namna nyingine. Hapa kuna wapakuzi wa mizigo, walinzi, wapishi wa mashirika, wahoji wanaozunguka na simu za kukusanyia takwimu, vibarua wa ujenzi. Huamka bila kujua kama leo wameitwa, na kwa kuwa hawajui, hawakatai chochote. Hao wanafaa kusikia kwamba nchi yao ina vifungu vingine mbali na Article 15, vya kweli, vilivyoandikwa. Sheria ya Kazi ya Oktoba 16, 2002 inasema katika kifungu cha 119 kwamba kazi isizidi saa tisa kwa siku wala saa arobaini na tano kwa juma. Zinazozidi ni za ziada na zina malipo yake. Kifungu cha 40 ni kitamu zaidi, na ajabu ni kwamba hakijulikani kabisa kwa wanaokihitaji: mtu aliyeajiriwa siku kwa siku akifikisha siku ishirini na mbili za kazi ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Kifungu kinachofuata kinasema mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka miwili, na hauongezwi zaidi ya mara moja isipokuwa kwa kazi chache kama za msimu.

Je, kuna mwajiri atakayetetemeka akisomewa hayo? Wengi hawatatetemeka. Ofisi za ukaguzi wa kazi hazikuwa na meno makali hata katika siku tulivu, na tangu 2025 utawala wa mji umekuwa mikononi mwa kundi lenye silaha. Bado daftari la siku lina faida. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la aliyetoa amri, kiasi kilicholipwa, picha ya orodha ya wafanyakazi ikiwezekana. Mashirika ya kimataifa hasa yana wakaguzi wao wa ndani na wafadhili wasiopenda aibu. Barua ya wafanyakazi wanane yenye tarehe na idadi ya siku husomwa kwa makini kuliko malalamiko ya mmoja mlangoni. Na mwenye mkataba rasmi aulize kama michango yake inafika CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, wala asisubiri uzee ndipo aulize.

Sasa tuje kwa wasomi, maana wao ndio waliofanya kushindana kuwa dini.

Goma ni mji wa mashirika tangu Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa siku chache na kipindupindu kikawafuata. Vizazi viwili vimekua vikiona kwamba gari lenye nembo mlangoni ndilo lenye mshahara wa dola. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, Riposte, yaani kampeni ya kupambana na ugonjwa huo, ilimwaga malipo ambayo zahanati ya kawaida haikuweza kuyafikia, na wapo wauguzi, walimu na madereva walioacha nafasi zao wakaifuata. Juni 25, 2020 ugonjwa ukatangazwa kwisha, na Riposte ikaenda zake. Miaka minne na nusu baadaye likaja pigo zito zaidi: Januari 20, 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa huduma za kibinadamu nchini Kongo. Juma moja baadaye mji ukatekwa. Watu waliokuwa na kadi shingoni mwezi wa kwanza walikuwa mwezi wa tatu wakipanga sabuni juu ya meza.

Funzo la kwanza hapa ni la mfuko. Mwenye mkataba wa miezi sita na aishi kwa kipimo cha kazi ya chini aliyowahi kuifanya, si cha hii ya sasa. Ni ushauri usiopendeza, kwa sababu kadi ya shirika ikining'inia shingoni ukoo mzima huanza kuiangalia, mwenye nyumba naye anapandisha kodi. Lakini anayepanga maisha kwa dola mia nane za miezi sita atajikuta mwezi wa saba anawania kila tangazo kama aliyefungiwa nje usiku. Funzo la pili ni la mlango wa nyuma: anayekwenda kufuata malipo makubwa ya muda mfupi aombe kwanza ruhusa ya maandishi pale anapotoka. Akinyimwa, angalau ameuliza. Wengi hawaulizi, huaga kwa kejeli.

Na maombi ya kazi? Kuna watu wanaotuma maombi arobaini kwa mwezi, yote kwa barua ile ile iliyobadilishwa jina la shirika, wakati mwingine bila hata kubadilishwa. Wako katika makundi sita ya WhatsApp, simu inalia hadi usiku wa manane, na kila tangazo linaamsha moyo kama kengele ya moto. Maombi manne yaliyosomwa vizuri, yakajibu masharti moja baada ya jingine, yana uzito kuliko hayo arobaini. Mtu na achague nusu saa asubuhi na nusu saa jioni za kutazama matangazo, kisha ayazime makundi. Tangazo la kweli lina tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Haliponyoki kwa sababu mtu amelala. Linaloponyoka kwa saa mbili lilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Na anayeombwa dola hamsini "za kufungua faili" ajue ameangukia kwa mwizi.

Lipo pia shindano lisilo na mshahara wowote, la kuonekana. Picha mbele ya gari, suti ya vipande vitatu ya warsha, kitenge cha sare cha harusi ya bibi harusi usiyemfahamu. Harusi moja ya Goma ina kamati, ina orodha ya michango, ina mkutano kila Jumapili alasiri, na jina la asiyetoa linasomwa kwa sauti. Ongeza mahari ya binamu, matanga, ubatizo, mahafali. Kuna familia ambazo mama anafanya biashara ya usiku ili alipe sherehe za watu wengine. Dawa iliyojaribiwa na wengi ni bajeti ya mwaka: nyumba inakubaliana kiasi cha michango kwa miezi kumi na miwili, msiba unapewa nafasi ya kwanza, kinachobaki ndicho cha furaha. Kikiisha kimeisha, na anayekuja na kadi anapewa baraka na kiti cha mwaliko kinaachiwa mwingine. Mara ya kwanza watanung'unika. Mara ya tatu watakuwa wameanza kuiga.

Mara nyingi, chini ya mbio zote hizi kuna deni. Kongo nzima inaifahamu Banque Lambert, ambayo haina jengo wala bango: ni jirani, ni mwenzako wa ofisini, ni mama mwenye duka, anayekopesha leo kwa riba inayohesabiwa kwa mwezi. Aliyekopa dola 100 kwa riba ya asilimia thelathini kwa mwezi, akawa analipa riba tu, baada ya miezi minne ametoa dola 120 na bado anadaiwa zile 100. Huyo si mvivu wala si mzembe. Saa zake za jioni zimekwisha uzwa. Kabla ya kuongeza kazi ya tatu, mtu wa aina hiyo aangalie kama hawezi kuuza kitu, hata simu nzuri, hata mabati aliyoyahifadhi kwa nyumba ya baadaye, akakata mzizi wa deni. Kuuza mabati kunauma siku moja. Riba huuma kila mwisho wa mwezi.

Upande wa akina mama, ushindani una hatari ambayo haionekani kwenye daftari. Mapema 2024 vita vilipoifunga barabara ya Sake, vyakula vya Minova na Kalehe vilianza kupita ziwani. Kila muuzaji alitaka kufika kwanza na mzigo wake, na boti zikajazwa kupita kiasi. Oktoba 3, 2024 boti ya Merdi, ikitoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao ufukweni. Makumi walikufa. Haifai kuwalaumu waliopanda. Waliopakia na walioruhusu safari ndio wa kuulizwa. Lakini wauzaji wanaweza kupunguza idadi ya safari. Mama watano wanaouza bidhaa moja wakipeleka mwakilishi mmoja kwa zamu, mwenye fedha za wote na orodha ya wote, nauli nne zimeokolewa, siku nne za meza zimeokolewa, na anayenunua magunia mengi kwa mkupuo ana sauti mbele ya mkulima. Kinachozuia ni kutoaminiana, na kutoaminiana huanza kupungua kwa kununua kitu kidogo kwanza, vitunguu kwa mfano, na kuhesabu mbele ya wote.

Nyumbani kuna zamu ambayo hakuna anayeilipa. Kuchota maji, kupika, kufua, kuuguza. Mwanamume anayelalamika kwamba saa zake hazitoshi na aandike pia saa za mkewe, kuanzia ile ya kidumu cha kwanza cha maji. Katika nyumba nyingi za Goma, punguzo kubwa la uchovu halitapatikana sokoni wala ofisini. Litapatikana kijana wa kiume wa miaka kumi na minne akikabidhiwa kidumu.

Mwili nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa mwaka 2021 matokeo ya utafiti wa nchi nyingi: anayefanya kazi saa hamsini na tano au zaidi kwa juma ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake yalikadiria vifo 745,000 duniani vilivyotokana na saa hizo ndefu. Wengi wa Goma huvuka saa hamsini na tano Ijumaa haijafika. Kwa hiyo aliyefikisha miaka arobaini na apimwe shinikizo la damu. Kipimo ni cha dakika tano. Kichwa kinachouma kila asubuhi, hasira zinazowaka kwa watoto bila sababu, usingizi unaokataa kuja ingawa mtu amechoka, kusahau njia anayoipita kila siku: hizo ni dalili za kushughulikiwa mapema. Bia mbili za saa nne usiku hazizitibu, zinazifunika tu. Asiyeweza kupunguza saa zote na achague usiku mmoja katika juma wa kulala mapema na aulinde kwa ukali.

Wakubwa wa kazi wanastahili aya yao, kwa kuwa mengi yako mikononi mwao. Ufaransa iliandika katika sheria tangu Januari 1, 2017 haki ya mfanyakazi kutojibu simu ya kazi baada ya saa zake. Agosti 2021 Mahakama Kuu ya China ilitamka kwamba desturi ya makampuni ya teknolojia ya kufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa juma, ni kinyume cha sheria. Hayo ni mataifa tajiri, atasema mkurugenzi wa mtaa wa Himbi. Sawa. Lakini kutotuma ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku hakugharimu hata franka moja. Katika mji ambao usiku simu ikilia mtu anafikiri ni risasi au ni mlima, ujumbe wa "kesho usisahau ripoti" ni ukatili mdogo. Taarifa za usalama ziwe na kundi lake, na kazi iwe na kundi lake linalolala saa kumi na mbili jioni. Vikao vya Jumamosi asubuhi vinavyorudia vya Ijumaa vifutwe; kila mtu chumbani anajua ni vya kuhesabu nani yupo.

Kilichobaki ni kile ambacho Goma inakijua kuliko washauri wake wote. Likelemba iko kila mahali, kutoka kituo cha motari hadi ofisi za mawakili: watu kumi wanachanga kila juma, mmoja anabeba. Dada yake ni AVEC, vikundi vya akiba na mikopo vilivyoanzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima, vyenye sanduku la kufuli tatu na mgao mwishoni mwa mwaka. Vyote viwili vimezoea kumsaidia mwanachama kununua, kulipa karo, kujenga. Vichache vimefikiria kumlipia mwanachama asifanye kazi, na hapo ndipo vinaweza kufaa zaidi.

Namna yenyewe ni nyepesi. Kikundi cha watu ishirini kikitoa franka 1,000 kila mmoja kwa juma, nje ya mchango wa kawaida, baada ya miezi mitatu kina franka 260,000. Hazitoshi upasuaji, lakini zinamtosha motari mwenye malaria kulala siku nne bila kuendesha na homa ili apeleke fedha ya mwenye pikipiki. Kanuni ziandikwe kabla hajatokea mgonjwa: kiasi kwa siku, mwisho siku ngapi, nani anakwenda kumtazama, na mweka hazina anabadilishwa lini. Fedha zisikae zote sehemu moja, kwa kuwa benki za Goma zimekwisha kuonyesha zinavyoweza kufungwa, na sanduku nalo linaweza kubebwa. Sehemu iwe kwenye simu ya mtu mmoja, sehemu taslimu kwa mwingine.

Vikundi vya sokoni vinaweza kuongeza kanuni moja zaidi. Sheria ya Kazi inampa mama mwenye mkataba majuma kumi na manne ya uzazi. Mama wa meza ya nyanya hana hata moja, na wengi hurudi sokoni na mtoto wa siku kumi mgongoni kwa kuogopa kwamba wateja watahamia meza ya pili. Wenzake wanaweza kuikalia meza yake kwa zamu, asubuhi mmoja, alasiri mwingine, kwa majuma manne, mauzo yake yakiandikwa kando na kupelekwa kwake kila jioni. Zamu ipangwe mimba ikiwa ya miezi saba, mbele ya wote, na yule ambaye meza yake inatazamana na ya mzazi ndiye aandikwe wa kwanza.